Anza na Ganda, Kasi Baadaye: Mwongozo wa Kuchagua Risasi ya 6.5 kwa Masafa Marefu

Ukiingia duka la bunduki popote katika majimbo ya magharibi ya Marekani ukaomba bunduki ya kuwindia kulungu au pronghorn (mnyama wa huko anayefanana na swala) kwenye nyanda za wazi, utaonyeshwa risasi ambazo kwa macho ni vigumu kuzitofautisha. Tatu kati yake ni 6.5 Creedmoor, .260 Remington na 6.5×55 ya Uswidi. Zote hurusha kichwa kilekile chenye kipenyo cha milimita 6.71, mara nyingi chenye uzito wa greini 120 hadi 147, na tofauti ya kasi baina yao ni ndogo mno. Hata hivyo wanunuzi wengi huishia kuzilinganisha kwa kasi, kwa sababu ndiyo namba iliyochapishwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Shauri langu ni kwamba kasi uiweke mwisho. Kwanza utazame mtutu na nafasi ya magazini ya bunduki unayokusudia kuinunua, kisha ujiulize ganda lake utalipata wapi mwaka huu na miaka kumi ijayo. Mtu anayeshindilia risasi zake mwenyewe hununua kichwa mara moja na kukipoteza porini, lakini ganda hurudi naye nyumbani na kutumika tena na tena.

Naandika kwa msomaji anayeishi au kuwinda mahali ambapo sheria inamruhusu kushindilia risasi nyumbani, na hapo Marekani ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Kenya ilifunga uwindaji wa burudani mwaka 1977, na nchi jirani zina vibali na masharti yao kuhusu silaha na risasi. Kabla ya kununua hata kopo moja la baruti, isome sheria ya mahali ulipo.

Tuanze na ukoo wenyewe, maana tabia ya kila risasi imetokana na kazi iliyotengenezewa. 6.5×55 ndiyo mkubwa wao: ilibuniwa na tume ya pamoja ya Uswidi na Norway mwanzoni mwa miaka ya 1890 na ikaingia jeshini mwaka 1894, Waswidi wakiitumia kwenye Mauser na Wanorway kwenye Krag-Jørgensen. .260 Remington ilitangazwa mwaka 1997, nayo ni ganda la .308 Winchester la mwaka 1952 lililobanwa shingo ili lishike kichwa chembamba zaidi. Wapiga shabaha walikuwa wakijitengenezea risasi ya namna hiyo tangu zamani, kabla kiwanda hakijaipa jina. 6.5 Creedmoor ilitoka kwa kampuni ya Hornady mwaka 2007, kazi ya Dave Emary aliyekuwa akishauriana na mpiga shabaha Dennis DeMille. Wao walianza na swali tofauti. Hawakutafuta ganda la kujaza baruti nyingi. Walitaka ganda ambalo mtu wa kawaida angelishindilia kwa vifaa vya kawaida, likaingia kwenye magazini fupi likiwa na kichwa kirefu, na likapiga vizuri bila kuhitaji kazi ya fundi. Boksi zao za mwanzo zilichapishwa hata mapishi ya risasi iliyomo ndani, ili mnunuzi aweze kujitengenezea iliyo sawa nayo.

Sasa tuipime hiyo kasi. Risasi ya kiwandani ya 6.5 Creedmoor yenye kichwa cha Hornady cha aina ya ELD-X cha greini 143 imeandikwa kutoka mtutuni kwa mita 823 kwa sekunde. Ganda la .260 lina nafasi kidogo zaidi ya baruti, kiasi cha greini moja au mbili za maji, na mshindiliaji mzuri ataambulia kitu kama mita 15 za ziada. Tuikuze tofauti hiyo hadi mita 25, kwa faida ya anayeitetea. Ukilenga bunduki zote mbili sawasawa kwa mita 200, kisha ukapiga kwa mita 400, ile ya polepole itaanguka chini ya mwenzake kwa sentimita 5 hivi. Linganisha na makosa ya mpigaji. Kwa risasi hiyohiyo ya polepole, upepo wa pembeni wa mita 4 na nusu kwa sekunde, ambao msafiri wa nyanda za Wyoming hata hauhesabu kuwa upepo, huisukuma risasi sentimita 28 kwenye mita 400. Ukiukosea upepo kwa mita 2 tu kwa sekunde, umekosea kwa sentimita 12. Ukidhani mnyama yuko mita 400 kumbe yuko 425, risasi itashuka sentimita 16 chini ya ulipokusudia. Sehemu ya kifua inayoua upesi kwa kulungu haizidi sana upana wa sahani ya kulia. Makosa haya mawili yanaweza kukutoa nje ya sahani hiyo. Tofauti ya ganda na ganda haiwezi.

Tena hizo mita 25 hupotea kabla hata ya kufika porini. Kila inchi ya mtutu inayokatwa hupunguza kasi kwa mita 6 hadi 8 kwa sekunde kwa risasi za namna hii, kwa hiyo mtu aliyenunua .260 yenye mtutu wa inchi 20 kwa sababu ni nyepesi kubeba mlimani anaweza kuachwa na Creedmoor ya inchi 24. Na mitutu miwili yenye urefu uleule, iliyotoka kiwanda kimoja, huweza kupishana kwa mita 15 au zaidi kwa risasi za boksi moja. Jedwali la kasi linaeleza mtutu wa maabara, nao si mtutu wako. Wako utaujua siku utakapoweka kipima kasi mbele yake.

Kwa nini basi .260, yenye ganda zuri na iliyotangulia kwa miaka kumi, ikapitwa na mdogo wake? Jibu liko kwenye vipimo viwili ambavyo mnunuzi anaweza kuvikagua mwenyewe dukani. Cha kwanza ni msokoto wa mtutu, yaani umbali ambao mifuo ya ndani hutumia kuizungusha risasi mara moja. Bunduki nyingi za mwanzo za .260 zilitolewa na msokoto wa inchi 9. Huo hutosha kwa vichwa vya greini 120 na 130, lakini vichwa virefu vyembamba vya greini 140 na zaidi, vile vinavyoukata upepo vizuri, huhitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi ili visiyumbe. Creedmoor ilizaliwa na msokoto wa inchi 8, na 6.5×55 ilikuwa na msokoto wa kasi tangu siku zake za jeshini, kwa sababu ilirusha kichwa kirefu cha greini 156. Uzuri wa 6.5 uko kwenye hivyo vichwa virefu. Bunduki isiyoweza kuvituliza imekunyima kitu ulichokifuata.

Kipimo cha pili ni nafasi iliyobaki kati ya bega la ganda na ncha ya risasi ndani ya magazini. Ganda la .260 lina urefu wa milimita 51.7, la Creedmoor 48.8, na risasi nzima ya zote mbili kwa kiwango cha viwanda inazunguka milimita 71 na kitu. Ukiweka kichwa kirefu kwenye .260 na kutaka kiingie magazini fupi, itabidi ukizamishe ndani ya ganda hadi kitako chake kipite chini ya shingo na kula nafasi ya baruti, yaani ileile nafasi ya ziada uliyoinunulia .260. Ukikiacha nje mahali panapofaa, risasi haiingii magazini, nawe umebaki na bunduki ya kupakia moja moja kwa mkono. Creedmoor ilifupishwa ganda kwa makusudi ili jambo hili lisitokee. Kwa hiyo usitosheke na jina lililochongwa kwenye mtutu. Chukua kalipa, pima urefu wa ndani wa magazini, uulize msokoto, ndipo uzungumze bei. .260 yenye msokoto wa inchi 8 na magazini ya milimita 74 au 75 haina upungufu wowote mbele ya Creedmoor. Bahati mbaya ni kwamba huipati kwa urahisi rafuni, na mara nyingi itabidi uitengenezeshe kwa fundi.

Kisa cha 6.5×55 kinaonyesha jinsi jedwali linavyoweza kumpotosha mtu mwangalifu. Ganda lake ndilo lenye nafasi kubwa kuliko yote matatu, lakini ukifungua kitabu cha ushindiliaji cha Marekani utakuta kasi zake zimeandikwa chini ya za wenzake. Sababu ni umri wa bunduki zilizoko majumbani kwa watu. Kiwango cha shinikizo kilichokubaliwa Marekani kwa 6.5×55 ni paundi 51,000 kwa inchi ya mraba, kwa kuwa bado kuna Mauser na Krag za zaidi ya miaka mia zinazoendelea kutumika. .260 imeruhusiwa 60,000 na Creedmoor 62,000, kwa kuwa hakuna bunduki ya kale iliyotengenezewa. Ulaya wao wanairuhusu 6.5×55 shinikizo kubwa kidogo kuliko Wamarekani. Mwenye Tikka au Sako mpya ya 6.5×55 anaweza kupata vitabu vyenye orodha iliyotengwa kwa ajili ya bunduki za kisasa, na humo ganda hilo halipitwi na yeyote. Lakini nasisitiza: aliyerithi Mauser ya mwaka 1900 asiiguse orodha hiyo. Risasi zinaingia bunduki zote mbili bila kubagua, kwa hiyo mwenye zote mbili nyumbani aziwekee alama ya wazi kwenye boksi, au atumie orodha ya chini kwa zote. Jambo jingine ni urefu: 6.5×55 hufika milimita 80, hivyo inataka bunduki yenye mwili mrefu, nzito kidogo na yenye bolti ya kuvuta mbali zaidi.

Tufike kwenye ganda lenyewe, maana hapa ndipo mshindiliaji anapopata au kupoteza fedha. Creedmoor imepata watengenezaji wengi wa maganda, kuanzia yale ya bei nafuu hadi ya Lapua na Peterson, na unaweza hata kuchagua ukubwa wa tundu la fataki, ile kopo ndogo ya kitakoni inayogongwa na pini. Maganda yenye tundu dogo huvumilia shinikizo vizuri zaidi na huweza kuishi mizunguko mingi, ila kwa mwindaji wa Novemba milimani ni busara kuyajaribu kwanza kwenye baridi kali, kwa sababu fataki ndogo ina moto mdogo wa kuwasha baruti iliyopoa. .260 ina faida yake ambayo watu huisahau: unaweza kuitengenezea maganda kutoka .243 au .308. Ya .243 hupanuliwa shingo kidogo tu na kazi imekwisha. Ya .308 hubanwa, na hapo shingo huwa nene, hivyo pima unene wake baada ya kuweka kichwa, uhakikishe inaingia kwenye chemba bila kulazimishwa. Shingo iliyobana chembani haiwezi kukiachia kichwa, na shinikizo hupanda kwa hatari. Maganda ya .308 yaliyotoka jeshini mara nyingi yana kuta nene, nafasi ndogo ndani, na fataki iliyokazwa kwa kupondwa ukingo, kwa hiyo kiasi cha baruti lazima kipunguzwe na kuanzwa upya kutoka chini.

Ganda lolote utakalochagua, lijue linavyokufa. Ufa kwenye shingo utauona kwa macho, nao si hatari kubwa. Hatari iko chini, juu kidogo ya kitako, mahali ganda linapovutika kila linapopigwa na kurudishwa umbo kupita kiasi. Chukua waya mwembamba, hata kibanio cha karatasi kilichonyooshwa, ukunje ncha yake kidogo, uiingize hadi chini kisha uivute taratibu ukiukwaruza ukuta wa ndani. Ukihisi ncha inadumbukia kwenye mfuo, ganda hilo limeanza kukatika kwa ndani hata kama nje kunaonekana tu utepe hafifu unaong'aa. Lipondeponde kwa koleo ulitupe, na uyatazame yote ya kundi lile. Dawa ni kurekebisha kalibu ya kubania ili bega lirudishwe nyuma kidogo tu, kiasi cha bolti kufunga bila kusukumwa. Na kiasi cha baruti kianzie chini kabisa ya orodha ya kitabu kinachotaja kichwa na baruti ulivyonavyo, kisha kiongezwe kidogo kidogo, ukisimama mara unapoona bolti inafunguka kwa shida au fataki imebapa.

Wapo watakaosema: kama ni masafa marefu, kwa nini tujibane kwenye ndugu hawa watatu wakati kuna 6.5 PRC, iliyotoka Hornady mwaka 2018? Ni pingamizi la haki, kwa sababu hapo tofauti ya kasi ni ya kweli. Kichwa kilekile cha greini 143 hutoka kwa mita 902 badala ya 823, na kwa mita 400 kitashuka sentimita 14 hivi pungufu. Lakini tazama upepo: zile sentimita 28 hupungua hadi 24 tu. Mtu asiyeusoma upepo atakosa kwa zote mbili. Mshuko wa risasi unaupima kwa kipima masafa na kuusahihisha kwa kugeuza darubini, jambo ambalo hata mwanagenzi hujifunza. Upepo hauna kifaa cha kuupima njia nzima hadi kwa mnyama. Kwa faida hiyo ya sentimita 4 unalipa baruti nyingi zaidi, teke kubwa zaidi begani, na koo la mtutu linaloungua mapema. Mwindaji anayepiga risasi chache kwa mwaka hataona mtutu ukichakaa, nakubali. Ila huyohuyo ndiye anayehitaji kufanya mazoezi zaidi, na bunduki inayopiga teke kidogo na kulishwa kwa gharama ndogo ndiyo itakayofyatuliwa mara nyingi kiangazi kizima.

Pingamizi la pili ni kwamba 6.5 ni ndogo kwa elki, yule kulungu mkubwa wa milima ya Rocky. Wawindaji wa Uswidi na Norway wamewinda kwa 6.5×55 kulungu wao wakubwa wa misituni, wazito kuliko elki, kwa vizazi kadhaa. Na hapa Afrika Mashariki, Mskochi W.D.M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda, aliua tembo kwa bunduki ndogo, mojawapo ikiwa Mannlicher-Schönauer ya 6.5. Simtaji ili aigwe. Kanuni za leo kwa wanyama hatari hutaka bunduki kubwa zaidi, na ni haki. Namtaja kwa sababu mafanikio yake yalitokana na kichwa kirefu kigumu kilichopenya moja kwa moja, na mahali alipokiweka. Kwa elki mwenye kifua kipana, chagua kichwa kilichoundwa kushikamana kikigonga mfupa, na usipige mbali zaidi ya kasi ambayo kichwa chako bado kinafunguka. Watengenezaji wengi hutaja kiwango hicho kati ya mita 490 na 550 kwa sekunde kwa vichwa vya risasi vyenye moyo wa timazi (yaani madini ya risasi), na kiwango cha juu zaidi kwa vya shaba tupu. Creedmoor hubaki na mita 619 kwenye umbali wa mita 457, kwa hiyo mkono na jicho la watu wengi huishiwa uwezo kabla ya risasi yao.

Vichwa vya shaba tupu vinastahili neno la ziada, kwa sababu huenda vikawa si hiari. California imepiga marufuku risasi za timazi kwa uwindaji wote tangu Julai 1, 2019. Shaba ni nyepesi kuliko timazi, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule huwa kirefu zaidi: kinataka msokoto wa kasi zaidi, na kinazama zaidi ndani ya ganda. Mambo mawili niliyokutaka uyapime dukani yanakuwa mazito maradufu, na .260 ya zamani yenye msokoto wa inchi 9 itakulazimu ushuke hadi vichwa vyepesi.

Wengine huiita Creedmoor mtindo wa kupita. Hata kama ni mtindo, mtindo huo umejaza maduka maganda, kalibu na vitabu vyenye takwimu, na hivyo ndivyo mshindiliaji anavyoishi navyo. Kweli, wakati wa uhaba mkubwa wa risasi Marekani mwaka 2020 na 2021, risasi maarufu nazo zilitoweka rafuni, na fataki zikawa adimu kwa kila mtu. Lakini mwenye maganda 200 ya kundi moja na akiba ya fataki alivuka msimu.

Kwa hiyo anayeanza bila chochote anunue Creedmoor, na pesa anazobakiza aziweke kwenye darubini na maganda. Mwenye .260 yenye msokoto mzuri asiiuze; hatapata kitu asichokuwa nacho. Anayependa 6.5×55, au anayewinda Skandinavia ambako risasi zake zinauzwa kila mji, aichukue katika bunduki mpya na kununua maganda ya Ulaya, kwa sababu kitako chake ni kipana kidogo kuliko cha .308 na baadhi ya maganda ya Marekani hutengenezwa yakiwa membamba hapo, hivyo hutuna yakipigwa. Na mwenye .243 au .308 iliyochakaa mtutu asikimbilie kununua bunduki nyingine: uso wa bolti yake unalingana na Creedmoor na .260, kwa hiyo fundi anaweza kumfungia mtutu mpya wa mojawapo kwenye mwili uleule, jambo lisilowezekana kwa 6.5 PRC bila kubadilisha bolti pia. Akiagiza mtutu huo, aandike kwenye oda msokoto wa inchi 8, na ampelekee fundi risasi moja isiyo na baruti wala fataki, yenye kichwa atakachotumia kikiwa kimewekwa kwa urefu unaoingia magazini yake, ili koo la chemba likatwe kwa kipimo hicho.